Vibwebwe vya Darasa la Sita

Vijana wangu wa filimbi, walimu wa michezo mnaonirithi, siku ile mliponiaga pale Kibiti mlinipa kipaza sauti mkataka niseme chochote. Nikasema asanteni, nikakaa. Wengine mlidhani nimezidiwa na majonzi. Ukweli ni kwamba pilau ilikuwa imeshapakuliwa, na mimi nikianza kusema siachi, hilo mnalijua. Kwa hiyo nimeona niandike. Ya vyeo na madaraja mwalimu mkuu aliyamaliza kwenye hotuba yake, tena kwa chumvi ya kutosha, na ya miaka ya Kibiti mmeyaona kwa macho yenu. Mimi nawaandikia ya mwanzo, kule Mbwera, nilipokuwa mwanachuo niliyepelekwa kujaribiwa kama nafaa kuwa mwalimu wa michezo au nirudi nyumbani nikauze soda.

Nilikuwa kijana wa Ikwiriri, mchezaji wa pembeni. Mbio nilikuwa nazo na maringo pia. Mama yangu alipika chakula cha wasafiri jirani na mabasi yanaposimama, na kila abiria aliyeagiza wali alipewa na habari za mwanawe anayesomea ualimu. Nilichagua somo la michezo kwa sababu moja tu, niliona ni njia ya kulipwa kwa kucheza mpira. Mwalimu wa michezo kwangu alikuwa kocha aliyeshikishwa chaki. Kazi yake ni kutafuta watoto wenye vipaji, awafanye timu, achukue kombe la wilaya, apigwe picha. Waliobaki wakae pembeni wapige makofi. Chuoni walitufundisha mengine mengi, andalio la somo, namna ya kupasha misuli moto, namna ya kugawa makundi. Niliyaandika yote kwa mwandiko mzuri na sikuyaamini hata kidogo.

Siku ya kuondoka chuo kilinipa mfuko wenye mpira, filimbi, na furushi la bukta nyekundu za watoto, za kiume na za kike. Bukta zile zilikuwa fahari ya chuo. Tuliagizwa zisiguswe mpaka siku atakayokuja msimamizi kukagua somo, ili darasa lionekane darasa. Nikapanda boti ya injini Nyamisati, nimekaa juu ya gunia la unga, mfuko nimeukumbatia, na tulipofika Mbwera nahodha akaniambia nivue viatu. Nikamwambia nitangoja boti isogee. Akasema boti ndiyo imeshasogea hivyo. Nikavua.

Uwanja wa shule ulikuwa mzuri sana kwa jicho la mgeni, tambarare, mweupe, magoli ya boriti za mikoko. Nikawapanga darasa la sita mstari mmoja nikawaambia wanitazame mwalimu wao anavyoanza mbio. Nikainama, nikachomoka. Sikufika mbali. Mguu uliingia kwenye shimo la kaa mpaka nusu ya ugoko, nami nikalala kifudifudi mbele ya darasa zima. Watoto walisimama kimya kwa heshima, ila mabega yalikuwa yakitikisika. Mwalimu Salma, mama wa hisabati aliyekabidhiwa kuniangalia muhula ule, alikuwa amekaa mlangoni akisahihisha madaftari. Hakuinua kichwa.

“Mwalimu Pazi,” akasema, “umeeleweka. Sasa waonyeshe na namna ya kuinuka.”

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na sauti ndogo na maneno machache, na kila neno lilikuwa na pilipili. Mistari ya uwanja, alisema, weka pumba za mpunga, usihangaike na chokaa ya chuo, maji yakija yanachukua vyote viwili na pumba hazina gharama. Kabla ya kuchora, pita na fimbo uzibe mashimo ya kaa, na usijidanganye kwamba ya jana bado yamezibwa. Ratiba iliyobandikwa ofisini ilisema michezo ni Jumatano, lakini maji hayajui kusoma. Siku za bamvua bahari ilipanda mpaka kwenye magoli, tukageuza, kipindi cha michezo kikachukua nafasi ya sayansi na sayansi ikasubiri uwanja ujae. Asubuhi nikifika tu nilikuwa nikiuliza wavuvi maji yatajaa saa ngapi, ndipo napanga somo. Mpaka leo nikisikia kijana analalamika kwamba uwanja wa Kibiti una vumbi, nanyamaza tu.

Sasa, wasichana. Wiki zile za mwanzo wavulana walikuwa wakikimbia, wasichana wamekaa mstari chini ya ukuta wa darasa, wamepakata mashati ya wavulana wasije kuyachafua. Mimi sikuwa na neno. Timu yangu ya wavulana ilikuwa inakwenda vizuri na kombe nilikuwa naliona. Mwalimu Salma akaniuliza siku moja, “Darasa la sita unalifundisha lote au nusu?”

“Wasichana hawataki kucheza, mwalimu.”

“Umewauliza?”

Sikuwauliza. Na pengine nisingewauliza kamwe kama si mwewe. Kuku wa mwalimu mkuu alikuwa na vifaranga, na adhuhuri moja mwewe akashuka kuvichukua upande wa pili wa uwanja. Msichana mmoja mrefu, jina lake Asia, aliokota bonge la udongo, akarusha hapo hapo alipokaa, mashati bado yapo mapajani. Bonge likampata mwewe bawani. Manyoya yaliruka, kuku akapiga kelele, Asia akaendelea na mazungumzo yake. Wenzake hawakushangaa hata kidogo. Watoto wa kule msimu wa mpunga huhamia shambani na wazazi, wanaishi kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya miti, kazi yao kutwa kuamia ndege kwa mawe na udongo. Mkono wa Asia ulikuwa umefanya kazi hiyo tangu anaota meno. Na niseme kweli, kilichoniamsha siku ile haikuwa huruma wala haki ya mtoto wa kike. Ilikuwa tamaa ya kombe. Nilimwona Asia anarusha mpira wa mikono wavuni na kipa wa watu analala upande mwingine.

Nikamwendea. “Asia, kwa nini huchezi?”

Akainamisha macho. “Ticha, mimi ni mwali. Muulize Bi Mwanahamisi.”

Mwalimu Salma ndiye aliyenifafanulia. Wasichana wengi wa darasa lile walikuwa wamechezwa likizo iliyopita, wamewekwa ndani wakafundwa, wakatoka. Aliyewafunda, kungwi wao, ndiye Bi Mwanahamisi, na mwenendo wao ulikuwa juu yake. Akiwaona wanakimbia ovyo mbele ya kijana wa mjini asiye na mke, aibu ni yake. Akina mama wa pale walimsikiliza yeye kuliko mwalimu mkuu, na akisema wasichana wasiguse uwanja, hata waziri aje, hawagusi. “Nenda kaombe,” Mwalimu Salma akasema.

“Nikaombe ruhusa watoto wakimbie?”

“Ndiyo. Na uvae suruali ndefu.”

Nikaenda. Msifikirie kikongwe mwenye mkongojo. Bi Mwanahamisi alikuwa mama mnene mwenye nguvu zake, mcheshi, mkali, mdomo hauna breki. Alikuwa barazani anasuka ukili wa mkeka. Nikapiga hodi, nikaamkia, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ndara.

“Wewe ndiye uliyetumbukia shimo la kaa.”

“Ndiye mimi, Bi Mwanahamisi.”

“Mtoto wa nani?”

Nikajieleza. Kumbe aliwahi kula kwa mama yangu akisafiri, na habari za masomo yangu alikuwa nazo zote, pamoja na hesabu nilizokosa. Akauliza nafundisha nini hasa. Nikavuta pumzi nikamsomea kama nilivyofundishwa chuoni, kwamba elimu ya michezo inakuza stamina, wepesi, na uratibu wa viungo. Akasikiliza mpaka mwisho bila kuacha kusuka.

“Kwa hiyo kukimbia, kuinama na kurusha.”

“Ndiyo.”

“Ukiwainamisha, wewe unasimama wapi?”

Nikamwambia chuoni tunafundishwa mwalimu azunguke, aone kila upande. Akaweka ukili chini. “Haya. Inama ushike vidole vya miguu.”

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikainama pale barazani, suruali imenikaza, na yeye akainuka akaja kusimama nyuma yangu. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na ndoo walisimama nao. Nikasikia masikio yanawaka moto. Nilitamani kujua anatazama nini, nilitamani kuvuta shati lishuke, nilitamani lile shimo la kaa. Akaniacha hivyo mpaka kiuno kikaanza kuniuma.

“Unajisikiaje?”

“Vibaya, Bi Mwanahamisi.”

“Inuka basi. Somo lako la leo limekwisha.”

Tukakaa tukazungumza. Alisema wasichana wake hawakatazwi kukimbia, nani anakimbia kuliko mwanamke aliyeona nguruwe kwenye mpunga wake? Kinachokatazwa ni kudhalilishwa. Akachukua kanga akanionyesha wanavyojifunga kibwebwe wakienda kupanda, inakunjwa, inazungushwa kiunoni, inakazwa mpaka ukivuta haitoki. Ndani wavae zile suruali nyepesi wanazovaa shambani majani ya mpunga yasiwakate miguu. Mimi nisimame mbele yao, daima mbele, wanione ninakotazama. Na siku atakayosikia magoti yao yamewekwa nje mbele ya watu, anawatoa uwanjani wote, na kurudi hawarudi. Nikakubali. Akasema kukubali ni rahisi, yeye atakuwa anakuja kutazama.

Akaja kweli. Kila kipindi cha michezo alikuwa pale chini ya ukuta, amekaa na ukili wake, miguu ameinyoosha. Darasa la sita wakaingia uwanjani wote, wasichana na vibwebwe vyao vya rangi kumi, na mimi mbele yao. Jua la asubuhi lilikuwa upande wa bahari, na nikitaka wao walipe jua mgongo wasiungue macho, basi macho yanayoungua ni yangu. Hapo ndipo nilipojifunza kukunja huu uso mnaoucheka. Chuoni walituambia mwalimu asimame kwenye jua ili wanafunzi waone vizuri, nikaona ni maneno ya kwenye mtihani. Sasa nilikuwa nayafanya kwa kumwogopa Bi Mwanahamisi, na polepole nikaanza kuona faida yake. Mtoto akiona unakotazama, hakufikirii tena wewe. Anafikiria mpira.

Wasichana walicheza, jamani. Asia alirusha mpira wa mikono wavulana wakakataa kukaa golini, ikabidi tupeane zamu. Lakini siyo Asia aliyenibadilisha. Kulikuwa na msichana mwingine, Zainabu, mfupi, mwoga, kila mpira ukimjia anafumba macho na kujikinga uso. Kwa akili yangu ya zamani huyo ni wa kushika mashati. Mwalimu Salma akaniambia nimpe kitu chepesi. Nikasuka kijipira cha majani ya mgomba, tukawa tunarushiana kila siku kidogo kabla ya somo, mimi na yeye, kwanza karibu sana, halafu tunasogea nyuma. Siku moja katikati ya mchezo Asia akamrushia mpira wenyewe, ule mzito, na Zainabu akaudaka, macho wazi. Akabaki ameukumbatia. Hakujua afanye nini nao kwa sababu hakuwahi kufikiria kwamba atafika hapo. Timu ya pili ikamzunguka ikampokonya, wakafunga bao, na yeye bado anacheka.

Mimi niliyetoka Ikwiriri kutafuta kombe nilikuwa nimesimama juani na furaha ambayo sijawahi kuipata kwa bao lolote nililofunga mwenyewe. Nilirudi nilikopanga nikashindwa kula. Nilijiuliza, kumbe ndiyo kazi yenyewe hii? Mpaka leo nikikuta kijana mgeni ameshachagua timu wiki ya kwanza na wengine wamekaa pembeni, namwuliza Zainabu wake ni nani. Hanielewi, lakini namwuliza.

Basi, mwisho wa muhula msimamizi akaja kutoka chuoni. Bwana Mgaya alikuwa mtu wa bara, mrefu, nadhifu, mpenda utaratibu. Boti ilimtapisha njia nzima, akashuka kwenye matope suruali imekunjwa, viatu mkononi, amekuwa rangi ya majivu. Alikunywa chai ya Mwalimu Salma, akapumua, akaomba aone darasa. Uwanja ulikuwa mkavu, pumba nimeshachora, mashimo nimeshaziba, darasa la sita wamepanga mistari. Bi Mwanahamisi yupo pale pake na ukili.

Bwana Mgaya akasimama. “Hawa wasichana wamevaa nini?”

“Kanga, mwalimu. Wamejifunga vibwebwe.”

“Bukta za chuo ziko wapi?”

“Zipo mfukoni.”

“Wavae basi. Siwezi kukagua somo la michezo la watu waliovaa kama wanakwenda kupanda mpunga.”

Nikamweleza makubaliano yetu. Akanisikiliza, sikatai, alinisikiliza. Kisha akasema kwa upole kabisa, “Mwalimu Pazi, ni kipindi kimoja tu. Nikishapanda boti wavue, waendelee na kanga zao. Kwenye fomu yangu hakuna kisanduku cha kuweka alama ya kanga. Wakicheza hivi, unarudia muhula.”

Asia alikuwa ameshika mpira. Wenzake walikuwa wanamtazama yeye, na yeye ananitazama mimi. Kule ukutani mikono ya Bi Mwanahamisi ilikuwa imesimama juu ya ukili. Nikamtazama Mwalimu Salma anisaidie, akawa anatazama bahari kama aliyeona meli. Nawaambia, nilikuwa na hofu. Nilimfikiria mama na abiria wake. Nilifikiria kurudi Ikwiriri nikaulizwa kila kona, vipi, umemaliza? Na bukta zilikuwa pale pale, mkono wangu uko juu ya mfuko.

“Wavulana watavaa, mwalimu,” nikasema. “Wasichana watacheza hivi walivyo. Niliahidi.”

“Umesikia nilichokuambia?”

“Nimesikia.”

Akachukua kiti chake, kwa hasira kidogo, akaenda kukiweka kwenye kivuli nyuma ya mstari wa wasichana. Na mimi, mtu ambaye nimeshafeli, sijui ujasiri niliutoa wapi, nikamfuata nikamwomba kiti kije mbele, kielekee bahari.

“Kule kuna jua.”

“Ndiyo, mwalimu. Na mimi nitakuwa hapo hapo karibu yako.”

Bi Mwanahamisi akaita kutoka ukutani, “Pazi, mwanangu, nimfunde na huyu?”

“Hapana, Bi Mwanahamisi. Nakuomba sana.”

“Anasema nini yule mama?” Bwana Mgaya akauliza.

“Anakukaribisha Mbwera,” akajibu Mwalimu Salma, uso mkavu kabisa.

Somo lilikwenda. Sikumbuki somo lililowahi kwenda vile. Wavulana na bukta nyekundu, wasichana na vibwebwe, hakuna aliyekaa pembeni, hata mtoto mmoja mwenye kidonda cha mguu alikuwa mwamuzi. Zainabu alidaka mipira miwili akatoa pasi zote mbili, moja kwa adui, lakini alitoa. Bwana Mgaya alikaa juani amefunika macho kwa andalio langu la somo, na mara moja, Asia aliporusha, nilimwona amenyanyuka kwenye kiti bila kujijua.

Tulimsindikiza pwani, maji yakiwa yanapwa na nahodha ana haraka. Akanivuta pembeni. “Somo lako lilikuwa zuri,” akasema. “Utarudia. Mavazi hakuna, na maelekezo ya msimamizi hukufuata. Ungewavalisha tu, kijana.”

“Wangevaa, mwalimu. Wananiheshimu, wangevaa. Kesho yake wasingekuja.”

“Kesho yake isingekuhusu. Ungekuwa umeshafaulu.”

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananipa ushauri wa mkubwa kwa mdogo, tena alinipa mkono. Lakini nilibaki pale kwenye matope nikiangalia boti inageuka, na nikajua kwamba mimi kesho inanihusu. Sikuwa nimelijua hilo asubuhi yake.

Halafu nikaenda stoo ya majembe nikalia. Nililia kweli, siyo machozi ya kistaarabu. Mwalimu Salma akaja na kikombe cha chai, akakaa juu ya mfuko wa bukta.

“Lia umalize, una kipindi darasa la tatu.”

“Mbona hukusema kitu, mwalimu? Ungemwambia wewe angekusikia.”

“Pengine. Halafu lingekuwa somo langu.” Akanywa ile chai mwenyewe. “Mimi nilidhani utawavalisha.”

Habari hazina miguu lakini kule Mbwera zinaogelea. Nilipotoka stoo Asia na wenzake walikuwa mlangoni.

“Ticha, eti umekariri?”

“Nimekariri.”

“Pole,” akasema kwa huruma ya mtu mzima. “Kaka yangu alikariri la nne. Sasa ana mtumbwi wake.”

Nikarudi Ikwiriri likizo na kichwa chini, nikakuta mama ameshawaambia abiria kwamba mwanawe ameongezewa muda kwa sababu watu wa Mbwera wamekataa kumwachia. Nikataka kumsahihisha. Nikatazama anavyopakua wali huku anasimulia, nikaona haikuwa uongo mkubwa sana, nikaacha.

Muhula ulipofunguliwa nilipanda boti tena, safari hii viatu nimevua kule kule Nyamisati. Asubuhi ya kipindi cha kwanza nikaziba mashimo, nikachora mistari, watoto wakaja. Darasa lilikuwa limeongezeka. Wasichana wa darasa la tano nao walikuwa wamejifunga vibwebwe, wengine kanga zinaburura, wamesimama nyuma kimya wakingoja nione kama nitawafukuza. Nikawaambia wasogee mbele. Kisha nikatazama ukutani, na pale pa Bi Mwanahamisi hapakuwa na mtu.

Nikadhani amechelewa. Tukapasha misuli moto, bado hajaja. Nikaanza kuhesabu makosa yangu. Labda amesikia jambo. Labda kuna mtoto amerudi nyumbani analia. Nikamwuliza Asia, akasema bibi yupo nyumbani, mzima, anasuka. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi. Mwanamke yule alikuja uwanjani na mvua, alikuja na homa, sasa yupo mzima na hakuja. Nikamwambia Asia awapange wacheze, nikakimbia.

Nilimkuta barazani. Nikaamkia nikiwa nahema.

“Marahaba. Mbona kama umefukuzwa na kiboko?”

“Hukuja uwanjani, Bi Mwanahamisi.”

“Sikuja.”

“Nimekosa nini?”

Akanitazama kwa mshangao, kisha akacheka mpaka ukili ukamponyoka mapajani.

“Wale watoto nimewafunda mwenyewe, Pazi. Ulidhani nilikuwa nakuja kuwatazama wao?” Akaokota ukili wake, akatafuta alipoishia, akaendelea kusuka. “Wewe nimeshakutazama. Sasa nina mikeka ya watu inanisubiri. Rudi kazini, umewaacha watoto peke yao.”

Nikarudi mbio njia nzima, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuniona, nikawa nacheka peke yangu.